Viazi Shingoni mwa Usukani

Obwona alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu mwaka ule, tena ombi la ajabu: alitaka mwanamke mmoja wa Kasubi, pale Kampala, aache kumtazama usoni.

Mwanamke mwenyewe aliitwa Aloyo, lakini mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Laker. Mumewe, Mzee Odur, alikuwa dereva wa malori ya polisi. Binti yao Laker ndiye aliyemkosesha Obwona usingizi na kumfanya afunge nati kinyumenyume gerejini. Sasa utaniuliza, kutazamwa kuna ubaya gani? Tulia nikueleze. Kwao Acholi, kaskazini mwa Uganda, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia vichakani na mwingine anajifanya anakagua mawingu. Hawali pamoja, hawakai kiti kimoja, na wakilazimika kusemezana wanampitishia mtu mwingine maneno. Ndiyo heshima yenyewe hiyo. Siku mama wa binti anapojificha uso mbele yako, jua umeshaoa. Mahari na ngoma vitafuata kwa wakati wake, lakini jambo limekwisha.

Mama Laker hakujificha hata kidogo. Tangu Obwona alipofika nyumbani kwake kuonyesha nia, mama yule alimtazama kwa macho makavu, juu mpaka chini, kama anayechagua kuku sokoni. Alimtuma maji. Alimpa kikombe cha uji mkononi, akasimama palepale kumwangalia akinywa. Siku moja alimwambia waziwazi kwamba masikio yake yana uchafu. Obwona alirudi Nateete akiwa mnyonge, akakaa juu ya tairi bovu.

"Ananiona fundi tu," alimwambia Anselme. Anselme alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwenzake katika kibanda cha mabati walichokiita gereji, nyuma ya soko la Nateete. "Ananitazama kama mtu aliyekuja kuziba bomba."

"Na weye haiko fundi?"

"Ni fundi. Lakini nataka anione mkwe. Yaani asinione."

Anselme aliweka spana chini ili apate kucheka vizuri. "Kwetu mama mkwe anakukumbatia mpaka shingo inauma. Weye unalia sababu anakuangalia. Nyie watu wa kaskazini muko na shida yenu peke yenu."

Basi siku ya Alhamisi Laker mwenyewe akaja gerejini, amevaa gauni la maua, akiruka madimbwi ya oili kama anacheza. Obwona akapangusa mikono kwa tambara ambalo lilikuwa chafu kuliko mikono.

"Jumamosi mama anakwenda Bugolobi kwa Mjomba Ongom," Laker alisema. "Anakwenda kutoa jibu lako."

"Jibu gani?"

"Angeniambia, ningekuja nikicheka au nikilia. Hajaniambia. Mjomba ndiye atakayelipokea na kulipeleka kwa watu wako. Likishamfikia mjomba, halirudi tena."

Laker akaendelea: kulikuwa na shida nyingine. Gari la baba, Pijo kuukuu lenye mkono wa gia uliotokea shingoni mwa usukani, lilikuwa limekuwa zito mno. Gia haiingii mpaka baba ainuke kwenye kiti. Na mama ameapa kwamba hapandi basi na kikapu chake cha viazi. "Kwa hiyo gari lisipotengenezwa," alisema, "hakuna safari, hakuna jibu, na mimi nitazeekea Kasubi."

"Lilete," Obwona alisema. "Lilete kesho asubuhi. Nitalitengeneza mpaka baba yako aendeshe kwa kidole."

Nakuambia, mapenzi humpa mtu mdomo mpana.

Ijumaa Mzee Odur alilileta mwenyewe. Alikuwa na mikono minene ya mtu aliyeendesha malori tangu ujana wake, na bado alishuka garini akihema. "Hili si gari," alisema. "Hili ni fahali, na mimi ninalivuta pembe." Akamkabidhi Obwona ufunguo, akaenda zake kazini.

Obwona akafungua kila kinachofunguka. Lile bomba la gia lililopita kando ya shingo ya usukani lilikuwa kavu kabisa, na bushi ya chini, ile pete ndogo ambamo bomba huzunguka, ilikuwa imelika. Dawa yake ni nyepesi: bushi mpya na grisi. Lakini ilikuwa Kampala ya miaka ile bwana, na kitu chepesi hakikuwepo. Sukari ilikuwa hadithi. Sabuni ilikuwa hadithi. Grisi nayo ilikuwa imefuata njia hiyohiyo.

Alikwenda kwa Wahabi. Huyu Wahabi alikuwa muuza nyama wa Nateete tangu zamani, na Wahindi walipofukuzwa na maduka yao kugawiwa watu, yeye akapewa duka la spea. Hakujua plagi wala pistoni. Lakini nyama aliijua, kwa hiyo aliliendesha duka kwa sheria za nyama. Mikanda ya feni ilining'inia kwenye ndoano kama matumbo, na juu ya kaunta palikuwa na mizani. Kila kitu kiliuzwa kwa kilo.

"Nataka bushi moja ya gia ya Pijo," Obwona alisema. "Ni ile pale, ile ndogo."

"Hiyo ni steki," Wahabi alisema. "Steki peke yake siuzi. Uliona wapi nyama bila mfupa?" Akaiweka bushi kwenye mizani, akaongeza nusu ya taa ya nyuma, kitasa cha mlango na chuma kizito ambacho hakuna fundi Nateete aliyewahi kukijua jina, mpaka kilo ikatimia. Akavifunga vyote katika jani la mgomba.

"Na grisi?"

"Mafuta nilimaliza Sikukuu."

Obwona alirudi na mfupa wake na steki yake. Bushi iliingia vizuri. Lakini bushi bila grisi ni jino bila mate, itakwama tena kabla ya Bugolobi. Anselme akashauri oili chafu ya injini. Obwona akakataa, oili chafu ingemchuruzikia mzee kwenye suruali. Alikaa akifikiri, akijikuna viwiko, na kujikuna huko ndiko kulikompa wazo. Kule ndani ya kibanda, chini ya mkeka wake, kulikuwa na chupa ya moo yaa.

Moo yaa ni mafuta ya mti wa kwao, ya njano, mazito, yenye harufu ya moshi kidogo na karanga kidogo. Mama yake alikuwa ameyakamua kwa mkono wake Kitgum na kumtumia kwa basi ajipake ngozi isikauke ugenini. Na kule Kitgum moo yaa hufanya kila kazi. Huungwa mboga. Hupakwa watoto. Bawaba ikilia hupakwa, cherehani ikikwaruza hupakwa, mnyororo wa baiskeli nao haukosi fungu lake. Obwona alikuwa ameona mambo hayo tangu utotoni na hata siku moja hakuona moo yaa ikishindwa.

"Ndugu, hii mafuta ni ya kukula," Anselme alisema alipoona chupa. "Motokari haikule."

"Leo itakula."

Akaimimina yote. Chini ya mabati yale jua la saa nane lilikuwa limepasha kila chuma, na moo yaa ikateleza ndani ya bomba kama maji. Alipojaribu gia, jamani, hakuamini. Ya kwanza kwa kidole. Ya pili kwa kidole. Rivasi kwa kidole. Akamwita Anselme, naye akajaribu, akasema "Mungu wangu" kwa sauti ya chini. Laker alipokuja na baba yake kulichukua gari jioni, alikaa nyuma ya usukani akabadilisha gia huku gari limezimwa, mbele nyuma, mbele nyuma, akicheka mpaka mzee akamwambia atoke, si mchezo huo. Obwona alilala usiku ule akijiona bwana harusi.

Usiku huohuo mvua ikanyesha.

Si mvua ya kupita. Ilinyesha mpaka alfajiri, na asubuhi Kampala nzima ilikuwa baridi, ukungu umekaa juu ya vilima na watu wanatembea wamejikumbatia. Obwona alivaa shati jeupe, la pekee, akapanda Kasubi kwenda kuwaaga wasafiri. Usiniulize kwa nini mtu apande kilima kwenye matope kwenda kuwaaga watu wanaorudi jioni. Alitaka kumwona Laker, basi.

Alimkuta Mzee Odur ndani ya gari, mkono kwenye gia, uso umeiva.

"Wewe," mzee alisema. "Njoo."

Obwona akaja.

"Jana ilikuwa fahali. Leo ni ukuta. Umeifanya nini?"

Obwona aliingiza mkono, akavuta. Gia haikutikisika. Alivuta tena kwa mikono miwili, ikasogea kidogo kwa uvivu, na jasho likamtoka kwenye ile baridi.

"Ingia nyuma," Mzee Odur alisema. "Utakwenda nasi, ukaone kazi yako. Njiani ikinishinda utashuka uibebe."

Mama Laker akatoka nyumbani na kikapu chake, viazi vitamu vimepikwa alfajiri na kufungwa majani ya mgomba, moshi bado unatoka. Alipanda mbele kando ya mumewe, akakipakata kikapu. Laker akaingia nyuma. Obwona akabaki amesimama, akimngoja mama aseme kwamba haiwezekani, kwamba mtu huyu na mimi hatuwezi kupanda gari moja. Hilo tu alilitaka. Aseme tu, naye atembee mpaka Bugolobi kwa furaha.

Mama Laker aligeuka akamtazama moja kwa moja machoni. "Fundi, unangoja nini? Panda. Na usikanyage kiti kwa matope."

Alipanda. Moyo wake ulikuwa mzito kuliko ile gia. Laker alimgusa kidole kwa siri, lakini hata hilo halikumfaa kitu.

Safari yenyewe ilikuwa kichekesho cha bure kwa watu wote wa barabara ile. Ili kuingiza gia ya pili, Mzee Odur alihitaji mikono miwili, kwa hiyo kila mara alimwambia mkewe, "Shika," naye Mama Laker alishika usukani kwa mkono mmoja, mkono wa pili kwenye kikapu, akiendesha kuelekea kwenye mitaro. "Kushoto," mzee alisema. "Kushoto ndiko huku," mama alisema. Mtu wa baiskeli aliacha barabara akaingia kwenye kibanda cha nyanya.

"Kanyaga klachi mpaka chini, mzee," Obwona alisema kutoka nyuma.

"Nimeikanyaga mpaka inataka kutokea chini ya gari."

Laker alikuwa amejifunika mdomo. Bega lake lilitetemeka. Obwona naye alitaka kucheka, na alitaka kulia, akashindwa kuchagua.

Kwenye mteremko wa Nakulabye wakakuta kizuizi cha wanajeshi.

Hapo kicheko kiliisha chenyewe. Siku zile hukuuliza kizuizi kimewekwa kwa nini. Ulipunguza mwendo, ukaonyesha mikono, ukajibu ulichoulizwa. Na kwa watu wenye majina ya kaskazini kama Odur na Obwona, majina yaliyowindwa na jeshi siku zile, haikuwa dawa hata kuvaa sare ya polisi, maana polisi ni polisi na jeshi ni jeshi. Mzee alisimama nyuma ya lori la ndizi. Lori likakaguliwa, likaondoka. Mwanajeshi akapunga mkono: njoo.

Mzee Odur akaisukuma gia kwa nguvu zake zote kutafuta ya kwanza. Ikaingia, klak. Akaachia klachi, na gari likaruka kwenda nyuma.

Akakanyaga breki. Injini ikazimika. Akaiwasha tena, akavuta gia, akasukuma, akavuta. Ilikuwa imekwama kwenye rivasi, na haikutaka kutoka humo. Hebu fikiria mwenyewe: kati ya gia zote ambazo gari laweza kukwama nazo mbele ya kizuizi cha wakati ule, ndiyo hiyo. Waliwahi kuwepo watu waliorudi nyuma mbele ya wanajeshi. Hawakusimulia.

Mwanajeshi akaja akitembea polepole, bunduki mkononi, maji yanamtiririka kwenye kofia.

"Wewe mzee," alisema. "Watu yote nakuja mbele. Wewe nakwenda nyuma. Naogopa nini?"

"Gia imekwama, afande," Mzee Odur alisema, mikono yote juu ya usukani.

"Gia gani nakwama mbele ya jeshi tu?"

Obwona aliogopa, nisikufiche. Aliona wazi kwamba amewaua watu watatu, na mmojawapo ni Laker, kwa kazi mbaya ya mikono yake. Akafungua mlango akashuka mvuani, mikono juu.

"Afande, kosa ni langu. Mimi ndiye fundi. Hiyo gia nimetengeneza mimi."

Mwanajeshi alimtazama shati jeupe, akamtazama viatu. "Wewe natengeneza hivi?"

"Ndiyo, afande."

"Basi tengeneza tena. Hapa. Mimi naona."

Ili kuifikia shingo ya usukani, na mzee akiwa amekanyaga klachi, njia ilikuwa moja tu: mlango wa abiria. Obwona akapiga magoti kwenye sakafu ya gari, miguuni mwa Mama Laker kabisa, kichwa chake chini ya dashibodi. Akagusa bushi. Chuma kilikuwa baridi. Ukingoni mafuta yalikuwa yamejitokeza kidogo, akayagusa kwa ukucha, na ukucha ukabaki na kipande kigumu cha njano, kama mshumaa. Hapo akaelewa. Kitgum haina asubuhi kama hii. Kitgum jua likilala, mawe hayalali. Moo yaa ya mama yake ilikuwa haijawahi kupata nafasi ya kuganda.

Juu yake, Mama Laker alinusa. Akanusa tena. Akainama.

"Hiyo harufu ninaijua," alisema kwa Kiacholi. "Umeweka nini humo?"

"Moo yaa, mama."

"Umepaka gia yangu mafuta ya mboga?" Mzee Odur alisema, macho bado mbele kwa mwanajeshi.

Mama Laker alimnyamazisha kwa kiganja. "Uliipata wapi?"

"Kitgum. Mama yangu alinitumia nijipake."

"Umeweka kiasi gani?"

"Yote."

"Na wewe ukabaki na nini?"

"Sikubaki na kitu, mama."

Alimtazama. Safari hii hakumtazama uso. Alitazama viwiko vyake, vilivyotokeza kwenye mikono ya shati iliyokunjwa, vyeupe kwa ukavu, vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Midomo yake ikaanza kutetemeka. Obwona akafikiri, sasa ndiyo nimekwisha. Kumbe mama anacheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapu kikatikisika, kikapanda, kikamtoka kwa sauti, na Laker huko nyuma, aliyekuwa amekizuia chake tangu Kasubi, akashindwa naye.

"Mwana wa watu," Mama Laker alisema akijifuta machozi. "Miaka yote niliyokaa Kampala, yangu inalala kando ya jiko, na bado asubuhi naichimba kwa kijiko. Hukuuliza mtu?" Kisha akaikagua shingo ya usukani kwa makini, akaigusa kwa kiganja kama anavyoguswa mgonjwa. "Huyu amepatwa na baridi. Huyu ni wa kukandwa."

Kukanda alikujua. Wanawake wote waliojifungua kwenye nyumba za polisi walipita kwenye mikono yake na maji yake ya moto, na hakuna aliyethubutu kulalamika. Alivua shuka alilojitanda mabegani, akafungua majani ya mgomba, akatoa kiazi kimoja baada ya kingine kikifuka moshi.

"Shika hiki. Weka hapo chini, kwenye hiyo pete. Usikibonyeze, kitapasuka. Sasa zungusha shuka. Si huko. Wanaume, kufunga hamjui kabisa."

Walifanya kazi hivyo, mikono minne kwenye shingo moja, yeye akipanga viazi na Obwona akizungusha shuka, mpaka usukani ukawa kama mtoto mwenye matubwitubwi. Mwanajeshi aliingiza kichwa dirishani.

"Mama, nafanya nini? Gari nazaa?"

"Linaumwa shingo," Mama Laker alimjibu kwa Kiswahili. "Na wewe usisimame bure. Shika huku mwisho, vuta, nifunge."

Nashangaa mpaka leo, lakini mwanajeshi alitundika bunduki begani akashika. Alivuta kwa bidii, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Wenye magari ya nyuma walikuwa wameshuka, wamejikinga kwa magunia, wakitazama askari wa jeshi akisaidia kukanda Pijo. Hakuna aliyepiga honi.

Wakangoja. Mvuke wa viazi ukajaza gari, na ndani yake harufu ya moo yaa ikaamka polepole, mpaka ikawa kama jikoni kwa mtu. Tone la njano likamdondokea Obwona kwenye shati jeupe. Likafuata la pili.

"Sasa, mzee," alisema. "Taratibu. Usiilazimishe."

Mzee Odur akaweka vidole viwili kwenye gia, akavuta. Ikatoka rivasi bila hata sauti. Akaisukuma: ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Akarudi ya kwanza. Watu wa nyuma wakapiga makofi, na mwanajeshi akacheka kwa meno yote, akajichukulia kiazi kimoja kutoka kikapuni na cha pili kwa ajili ya mwenzake. "Nenda, mzee," alisema akitafuna. "Nenda mbele, hapana nyuma."

Obwona aliinua kichwa kutoka chini ya dashibodi, anacheka, amelowa mafuta na mvua, ili ageuke amshukuru Mama Laker. Akakuta kikapu.

Mama alikuwa amevimwaga viazi vilivyobaki juu ya gauni lake, akakigeuza kikapu na kukivaa kichwani mpaka mabegani. Shuka lake lilikuwa kwenye usukani, hakuwa na kitu kingine. Alikaa wima, ameelekeza kikapu mbele.

"Mama, umeungua?" Obwona aliuliza.

Kikapu kikasema, taratibu, kwa upande wa kioo cha mbele: "Laker. Mwambie huyo aliyeko hapo chini ashuke. Haifai mimi na yeye tupande gari moja."

Furaha yote ikamwagika. Akilini Obwona aliiona Bugolobi, akamwona Mjomba Ongom mlangoni, akalisikia jibu. "Nisamehe, mama," alisema. "Nitatafuta grisi ya kweli, hata kama ni kwa Wahabi, hata nikila mifupa yote ya duka lake."

"Laker, mwambie asiseme na mimi pia."

Obwona alimtazama Mzee Odur kuomba huruma. Mzee alikuwa amegeukia nje, anapangusa macho kwa kiganja, na masharubu yake yalikuwa yakicheza. Laker alikuwa ameegemea kiti cha mbele, machozi yanamtoka, hawezi kupumua kwa kucheka.

"Obwona, mjinga wewe," alisema. "Nani anamfichia uso fundi?"

Ilimchukua muda kidogo. Halafu alitoka ndani ya gari lile kinyumenyume, haraka kama mtu aliyekalia siafu, akagonga kisogo kwenye mlango asisikie maumivu, akageuza uso wake haraka kuelekea mtaroni, kama inavyompasa, na kuufunga mlango kwa kupapasa. Pijo likaondoka. Gia ya kwanza, ya pili, laini kabisa, likateremka Nakulabye na shuka lake shingoni. Obwona hakuchungulia mpaka lilipofika mbali. Kupitia kioo cha nyuma aliona mkono wa Laker ukipunga, na mbele yake kikapu, bado kimekaa kichwani.

Mwanajeshi alikuja akasimama kando yake na kiazi chake.

"Mama nafukuza wewe kwa mvua," alisema. "Sasa wewe nacheka nini?"

"Hataki kuniona tena, afande," Obwona alisema. "Maisha yake yote."